Kipa wa Mbinga, Kipa wa Mbamba Bay

Asubuhi ile nilivaa sweta, nikatoka, nikadandia lori la kwanza lililokuwa likiteremka ziwani. Mpango sikuwa nao. Nilikuwa na swali tu.

Swali lilianzia Mbinga mjini, kwenye kibanda cha gemu kilichofunguliwa miaka ya ruksa, vitu vya nje vilipoanza kupanda hadi kwetu milimani. Runinga moja, jenereta nyuma ya ukuta, na mpira wa kuchezwa kwa vidole. Shule nilikuwa nimeiacha zamani, lakini pale sikukosa hata siku moja. Nilicheza na mashine yenyewe, nikaja kugundua kwamba ukikimbia na mpira hadi pembeni kushoto, kisha ukasimama kidogo, kipa wake hutoka na kuacha goli wazi.

"Imeshakuzoea," alisema mwenye kibanda. "Inakuachia kwa huruma."

"Mashine nayo ina huruma?"

"Nenda kwa isiyokujua, mdogo wangu, uone utakavyoumbuka."

Benchi zima likacheka. Mimi sikucheka. Moyoni nilitaka iwe kweli inanijua.

Lori likateremka kona baada ya kona. Mashamba ya kahawa yakabaki juu, ziwa likatokea, sweta nikalifunga kiunoni. Mbamba Bay nilielekezwa kwa mama mmoja muuza chai, aliyekuwa na gemu kama lile la kwetu. Nikamwamkia, nikaomba zamu. Nikakimbia kushoto, nikasimama.

Kipa akatoka.

"Wee! Umemroga?" aliuliza mvuvi aliyeketi karibu yangu.

"Ndivyo alivyo. Hata Mbinga anatoka hivyohivyo."

Walinishangilia. Kumbe kipa yule humtokea yeyote, wala mashine haikuwa ikinijua mimi; nikajiona kama mtu aliyemsalimia rafiki asiitikiwe. Siku hizi nasikia watafiti huipima akili bandia kwa michezo kama ile, wakiibadilishia uwanja waone kama imejifunza au imekariri. Kila nikisikia hivyo, pua yangu inarudi kwenye moshi wa jenereta ile, na nalikumbuka benchi lile lililonicheka.

Mama alilitazama sweta langu.

"Umetoka juu wewe. Una pa kulala?"

"Sina, mama."

Akanipa ufunguo wa chumba cha nyuma.

"Dirisha usilifunge. Nyie watu wa baridi, joto la hapa litawakesheza."