Kabla Hujabonyeza "Unganisha"

Mwanangu, ipo siku moja ya kijijini Quionga, miaka mingi sasa, ambayo nikiikumbuka mikono hunipoa. Siku hiyo ndiyo iliyonifanya niwaombe hawa vijana wa kampuni waniachie ujumbe wa mwezi huu niuandike nitakavyo mimi. Wamekubali. Wameniomba tu nisiwe mrefu, nami nimewaambia nitajitahidi.

Ujumbe wenyewe unaujua, maana kila mwezi unakufikia kwenye simu. Vijana hawa wako wanne. Wana chumba kimoja hapa Palma, juu ya duka la vitambaa, na humo wametengeneza programu ya hesabu unayoitumia wewe dukani kwako, au kwenye ushirika wenu, au kwenye kikundi chenu cha kuweka na kukopa. Wao huandika habari zao kwa Kireno cha shuleni, kisha mimi huzigeuza kwa Kiswahili chetu, ili hata mama anayeuza samaki wakavu azisome bila kumtafuta mwanawe. Usimpe mtu namba yako ya siri. Chaji simu kabla ya siku ya kikao. Funga programu ukimaliza, usiiache wazi ukaenda kupika. Ndiyo kazi yangu ya uzeeni, na ninaipenda.

Mwezi huu habari ni kubwa. Programu imepata uwezo mpya wa kutafuta watu walioandikwa zaidi ya mara moja. Wiki iliyopita Abdala, mmoja wa hao wanne, aliniwekea kompyuta mbele yangu akasema, "Bonyeza hapa, mama, halafu tazama." Nikabonyeza. Kabla sijainua kidole, kioo kizima kilikuwa kimeshajaa majina. Wewe unajua tulivyotawanyika miaka ile ya kukimbia vita. Mtu kaandikwa Palma, kaandikwa tena kambini Pemba, ile ya huku kwetu Msumbiji, na aliporudi kaandikwa upya kana kwamba ndiyo kwanza anazaliwa. Wote hao mashine ilikuwa imewaokota na kuwapanga pamoja. Mimi mwenyewe nilikuwemo mara tatu. Nilikaa nikiwatazama hao Mwanaisha watatu, nikasema subhanallah, na machozi yakanitoka. Miaka ile yote sikujua kama kuna mahali popote ambapo tungeweza kuhesabiwa tukatimia.

Chini ya kila kundi la majina palikuwa na kitufe kimeandikwa "Unganisha". Abdala akanyoosha kidole anionyeshe kinavyofanya kazi. Nilimshika mkono kwa nguvu hata akashtuka. Pale alipotaka kubonyeza palikuwa na majina mawili ya wanawake, sawasawa herufi kwa herufi, na mimi nikawa nimerudi Quionga.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza darasa la sita, na zamani hizo hilo lilitosha kumtoa msichana Palma kwenda Quionga kuwa karani wa ushirika wa mbata, zile nazi zilizokaushwa. Wanachama walileta mbata zao kwa magunia, zikapimwa ghalani, nami nikaandika uzito kwenye kadi ya kila mmoja. Nilikuwa na mwandiko mzuri, tena niliringa nao. Mtu akinijia na kadi iliyokunjika nilimtazama mpaka akaomba radhi. Sikusemi wewe, mwanangu, najisema mwenyewe.

Mpimaji wetu alikuwa Mzee Simau, Mmakonde wa kutoka uwandani, Mkristo, mtu wa maneno machache. Namba za mizani alizijua vizuri. Herufi hakujua hata moja. Mimi kwa utoto wangu nilimhesabu kama sehemu ya mizani.

Ikaja barua kutoka wilayani. Mabati yanakuja, na kila mwanachama aliyeleta gunia tatu au zaidi atapewa kumi na mawili. Kwa hiyo safisheni orodha, mtu asiandikwe mara mbili. Nilifurahi. Nikatoa kadi zote, nikazipanga mezani, nikakuta kadi mbili za Fatuma Bakari. Kijiji kimoja, jina moja, baba mmoja. Nikacheka peke yangu nikasema karani aliyenitangulia alikuwa mzembe. Nikajumlisha uzito wa kadi zote mbili, nikauandika kwenye kadi moja mpya kwa ule mwandiko wangu, na zile mbili za zamani nikawashia moto wa chai.

Laiti ningeuliza. Sisi wa pwani hii tunarithisha majina, mtoto huwa somo wa bibi yake, na baba wa mtoto naye ana jina la babu. Fatuma Bakari mkubwa alikuwa mjane, anakaa peke yake kwenye minazi ya mwisho. Fatuma Bakari mdogo alikuwa mjukuu wa kaka yake, ameolewa karibu na msikiti. Kila mtu Quionga alilijua hilo, hata watoto. Mimi nilikuwa mgeni wa miezi mitatu, na nilikuwa na kalamu.

Siku ya mabati watu walipanga foleni kutoka asubuhi. Fatuma mdogo alikuja mapema, akaweka dole gumba, akachukua yake akaenda. Saa tano akafika Bi Fatuma mkubwa. Alikuwa amevaa kanga mpya, na amekodi mkokoteni wa kubebea. Paa la nyumba yake lilikuwa la makuti ya miaka, na mvua zilikuwa karibu. Nikatazama kadi, nikasema bila hata kuinua uso, "Bibi, wewe umeshachukua."

"Mimi?"

"Fatuma Bakari. Umeweka dole hapa."

Akatazama lile dole kwenye karatasi, akanitazama mimi. Nyuma yake mtu mmoja akacheka, akasema kwa sauti, "Kumbe na bibi naye anataka mara mbili!" Wengine wakacheka pia. Bi Fatuma hakubishana. Alijifunga kanga yake vizuri, akamlipa mwenye mkokoteni, akaondoka kwa miguu. Nami nikaita jina linalofuata.

Baada ya hapo hakuonekana. Palikuwa na harusi, hakwenda kupika. Palikuwa na msiba, alikaa nje ya ua akarudi. Wanawake wakinong'ona kisimani, mimi nilisikia na sikujali. Mvua ya kwanza ikanyesha.

Siku ya tatu ya mvua Fatuma mdogo alileta gunia lingine ghalani. Nilipofungua kadi niandike akainama kutazama, kwa sababu kidogo alijua kusoma namba. Akasema, "Dada, hapa umeniwekea gunia kumi. Mimi nilileta nne. Mume wangu ameziandika kwa mkaa mlangoni, mia mbili thelathini na nne kwa jumla. Hizi nyingine za nani?"

Hapo ndipo mikono iliponipoa. Nilielewa yote kwa mara moja, na hofu yangu ya kwanza, nakuambia ukweli, haikuwa kwa ajili ya yule bibi. Ilikuwa kwa ajili yangu. Nikaingia ndani ya ghala kwa Mzee Simau nikamweleza kwa sauti ya chini. Nikamwambia nitaandika kadi mpya kimyakimya, ila sijui niandike nini, kwa sababu ile ya zamani nimeichoma.

Alikuwa anashona gunia. Hakuacha kushona.

"Andika, menina," akasema, akiniita binti kwa Kireno.

Nikakaa juu ya gunia na daftari. Akaanza. "La kwanza alileta siku ya pili ya Idi, sitini na sita. La pili kamba ilikatika njiani, akalifunga kwa kipande cha kanga ya njano. Hamsini na tisa. La tatu lilikuwa na unyevu, nikamwambia akalianike tena, akanitukana, akarudi nalo keshokutwa yake. Sitini na tatu." Aliendelea hivyo mpaka gunia la sita, kila moja na siku yake na fundo lake, hasiti, hajirudii, sindano inaingia na kutoka. Sitini na nne. Hamsini na saba. Sitini na nane.

Nilijumlisha nikapata mia tatu sabini na saba. Nikachukua ile kadi mpya niliyoiandika kwa maringo yangu. Ilikuwa na jumla ya mia sita na kumi na moja. Nikatoa zile za mzee. Zikabaki mia mbili thelathini na nne, zile zile za mlangoni kwa Fatuma mdogo, hakuna kilo iliyopungua wala iliyozidi.

Sijui nikuelezeje nilivyojisikia. Ghala lilikuwa na mamia ya magunia, na yule mtu niliyemdharau alikuwa ameyabeba yote kichwani pamoja na wenyewe. Nilimwogopa, na nikampenda, na nikaona aibu, vyote kwa wakati mmoja. Nikamuuliza, "Mzee, na ya watu wengine unayakumbuka hivi hivi?" Akanitazama kwa mshangao. Akasema, "Si wanakuja na uso wao?"

Nikainuka niende kuandika kadi. Akaniita.

"Kadi utaandika, hiyo si kazi. Lakini ulimwambia mbele ya watu kwamba kachukua. Hao watu nani atawaambia?"

Nilikwenda kwa Bi Fatuma siku ile ile, na mvua. Nilimkuta amehamisha kitanda kwenye kona isiyovuja. Nilipiga magoti nikamwambia kosa langu lote, mpaka la moto wa chai. Hakunikaribisha kukaa, na hakunifukuza. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Siku ya mizani nitakuja. Siji kufuata bati."

Siku ya mizani ilipofika nilisimama juu ya jukwaa la ghala. Watu walikuwa wengi, na wale waliocheka walikuwemo. Mzee Simau akasogea karibu nami. Nikasema kwa sauti kwamba mimi, karani, nimewafanya watu wawili kuwa mmoja, kwa sababu sikuuliza. Nikasema Bi Fatuma hakuwahi kuchukua bati hata moja, na aliyekosa ni mimi.

Bi Fatuma akasema kutoka katikati ya watu, "Niite."

Sikumwelewa. Akarudia, "Si una jina langu hapo? Niite."

Nikafungua daftari, ingawa sikuwa na haja ya kulitazama. Nikaita, "Fatuma Bakari!"

"Labeka!" akaitika yeye, na wakati huo huo, kutoka upande wa pili wa ghala, Fatuma mdogo naye akaitika, "Labeka!"

Sauti mbili, mwanangu. Moja nzito ya kikongwe, moja nyembamba ya mke kijana, zimekutana hewani juu ya vichwa vya watu, na kila mmoja pale alizisikia. Nilikuwa nimeliandika jina lile mara ngapi kwa mwandiko wangu mzuri, na ndiyo kwanza nalisikia. Hakuna aliyecheka. Yule mwanamume wa foleni aliinamisha uso.

Bi Fatuma akapita katikati ya watu, wakampisha, akaja mpaka chini ya jukwaa. Akasema, "Haya. Sasa andika."

Nikaandika kadi mbili nimesimama, na ndizo kadi zenye mwandiko mbaya kuliko zote nilizowahi kuandika. Mabati yake alipewa kwenye akiba iliyobaki ghalani, wanaume wa Quionga wakayabeba wenyewe, na jioni hiyo Bi Fatuma akaenda kwenye harusi iliyokuwa upande wa msikiti. Mimi nilibaki ghalani nikalia mpaka nikatosheka.

Basi nisikilize, wewe mwenye programu mkononi. Mashine hii ni ajabu, nami sikatai, kila siku naistaajabia. Ina kumbukumbu isiyochoka, na hata ukiunganisha majina mawili kwa kosa, fungua sehemu ya historia, utazikuta kadi zote mbili za zamani na utaweza kuzitenganisha. Mimi sikupata bahati hiyo. Lakini mashine inaona herufi tu. Yenyewe inapendekeza, anayebonyeza ni wewe. Tarehe ya kuzaliwa usiitegemee, kwa sababu kwenye makaratasi yetu nusu ya wazee wamezaliwa siku ya kwanza ya Januari. Andika jina la mama. Andika na lile jina analoitwa mtaani kwao, nafasi yake ipo, vijana wameiongeza kwa kelele zangu. Kisha, kabla hujabonyeza "Unganisha", pigia simu namba zote mbili, au mtume mtu aende nyumbani kwao. Kama mwenyewe ni mmoja, atakuambia kwa furaha, unganisha na umalize. Kama wameitika wawili, waache wawili. Na ikitokea umekosea, usisahihishe kwenye programu peke yake. Nenda ukasahihishe pale pale ulipomwaibishia, mbele ya wale wale waliosikia.

Mwenyezi Mungu aibariki biashara yako na mikono yako. Akujalie subira ya kuuliza hata pale unapodhani unajua. Awalinde wote ambao majina yao umeyashika, wa jina moja na wa majina mengi, waliorudi na walio njiani. Na siku utakapoitwa wewe, akujalie uitike kwa sauti yako mwenyewe, na aliyekuita aisikie. Amina.