Siku Walipokata Kimeo Changu

Nilipokuwa mtoto kule Keringet, chakula kikigoma kushuka kooni hakuna aliyejisumbua kutafuta sababu. Ilikuwa kimeo, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya ulimi. Kikirefuka, walisema, mtoto hukohoa, hukataa kula, mwishowe hukauka akafa.

Mimi nilikataa kula mwaka ambao mama alienda Salgaa kupika kwenye hoteli ya madereva wa malori, akaniacha kwa nyanya. Nyanya alinipenda, sitamsingizia. Lakini kila jioni nikikaa mbele ya sahani, ugali ukiwa bado unatoa mvuke, kitu kilinikaba. Nilitamani kumwona mama mpaka kifua kikauma. Hakuna aliyeniuliza, nami sikujua kwamba hilo ni jambo la kuwaambia watu wazima.

"Fungua mdomo," nyanya aliniambia siku moja, akanigeuza kuelekea mlangoni penye mwanga. "Uui! Hii kimeo imeshuka mpaka kwa ulimi!"

Tulienda kwa mzee mmoja aliyesifika kwa kazi hiyo. Alinibana kichwa katikati ya magoti yake, akaingiza kisu chake kidogo. Nilitema damu, nikasukutua kwa maji ya chumvi, kisha nikazidi kukataa kula, sasa kwa sababu mbili. Basi nyanya akanipeleka kliniki ya sokoni. Daktari alinitoboa kidole, akarudi na habari.

"Ni taifodi, mathe. Na amiba kidogo."

Nilidungwa sindano asubuhi na jioni mpaka nikawa nakalia upande mmoja.

Ndipo mama akaja, baada ya kusikia naumwa. Alikaa kando yangu, mikono yake ikinukia vitunguu, nami nikamaliza sahani nikaomba nyingine. Nyanya akamsifu mzee wa kimeo. Daktari, tulipompitia, akasifu sindano zake. Mama alinitazama kwa furaha, akasema, "Sasa umepona." Kesho yake akarudi Salgaa. Ningalijua kwamba kupona ndiko kutakakomwondoa, nisingalimeza hata tonge moja.

Leo naishi peke yangu mjini, mtaa wa Free Area, na bado nakabwa. Chakula kikinikwama naenda kupimwa, na sijawahi kutoka mikono mitupu: vidonda vya tumbo, bakteria, taifodi tena. Simlaumu nyanya wala mzee wake, walitibu walichokiona. Nami dawa nazimeza zote, maana kliniki angalau kuna mtu wa kuniuliza nasikiaje, na nyumbani hakuna.

Juzi nilijikaza nikampigia mama, ambaye sasa amezeekea Keringet.

"Mama, mimi si mgonjwa," nikamwambia. "Nimekumisi tu. Chakula hakishuki."

"Pole, mtoto wangu," alisema. "Lakini umeenda kupimwa?"