Makosa Kuhusu Koko, Langu Likiwemo

Watu wa mtaa wetu wa Nyakasanza wanakosea mambo mengi kuhusu Koko, na mimi niliyemshona kwa mkono wangu nimechoka kuwasahihisha. Koko ni bibi, ndivyo tunavyowaita bibi zetu hapa Bunia, lakini huyu ninayemsema ni kikaragosi tu: soksi iliyojazwa sponji, vifungo viwili vya macho, kimoja cheusi na kingine cha kahawia, na vazi lililotoka kwenye kitenge cha marehemu mama yangu. Kila Jumamosi asubuhi, katika darasa la watoto la kanisa letu, ninapiga magoti nyuma ya benchi lililofunikwa shuka, ninaingiza mkono ndani yake, naye anaanza kuongea. Anawafundisha watoto kunawa mikono, kusalimia wakubwa, kuacha kuibiana kalamu. Sauti yake ni ya mama yangu, pamoja na kile kikohozi kidogo alichokuwa anakitanguliza kabla ya kumsema mtu.

Kosa la kwanza ni kuhusu alikotoka. Wauza samaki wanaapa kwamba ni mtu wa Kasenyi, kule ziwani, kwa jinsi anavyobishania bei. Jirani yangu aliyezaliwa Mambasa anasema hapana, kule kuinamisha kichwa ni mtindo wa kwao kabisa. Kila mmoja anamvutia upande wake, wanabishana mpaka sokoni. Mimi nimekaa nao miaka yote hii na hakuna aliyewahi kugombania kwamba nimetoka kwao.

Kosa la pili ni la watu wazima, na ndilo linaloniudhi zaidi. Wanampa yeye heshima, na mimi niko mbele yao. Mama mmoja mwenye meza ya samaki alipita darasani siku moja, akamsalimia Koko kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukishika kiwiko, vile anavyosalimiwa mtu mzima. Kisha akanikabidhi mimi mfuko wa samaki wakavu.

"Pelekea Koko. Yeye iko napenda samaki."

"Na mimi je, mama?"

"Weye? Weye ungali mutoto. Kula sombe."

Sombe ni kisamvu, chakula cha kila siku; nilicheka kwa sababu wengine walicheka. Nikaenda kuwapika wale samaki, nikawala mpaka miiba. Niseme wazi: nilimwonea wivu kitambaa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo yenyewe nilikuwa nimeishona.

Jumamosi moja niliamua kumkomesha. Nilimpa sauti mbovu, ya kukwaruza, nikamfanya mkali bila sababu, nikitumaini watoto watamkimbia. Wiki iliyofuata akina mama walileta malimau na tangawizi, kwamba Koko ana mafua na baridi ya asubuhi si nzuri kwa mtu wa umri wake. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekohoa wiki mbili nzima mtaani humo humo. Nilimrudisha nyumbani ndani ya mfuko, kichwa chini.

Kosa la tatu ni kudhani kwamba watoto wadogo ndio wanaomwamini na wakubwa wanamcheka. Si hivyo. Binti yangu ana miaka kumi na miwili, na alinishikia uzi nilipokuwa najaza ile soksi. Anajua vizuri nani yuko nyuma ya shuka. Lakini somo likiisha, watoto wanapopanga mstari ili kila mmoja amnong'oneze Koko sikioni, yeye husimama wa mwisho, na huongea. Ninamsikia akisimulia nani amegombana na nani shuleni, mwalimu gani amenuna, ndoto gani ameota. Nyumbani anawasha mkaa, anateka maji, anasema "ndiyo, mama". Mimi ni fundi wa nguo, muda mwingi nimeinamia cherehani na pini zimejaa mdomoni, lakini masikio yangu yako wazi. Ni kitu gani anachopewa na soksi ambacho mimi sina?

Kutoka nyuma ya benchi siwaoni watoto. Naona miguu tu chini ya shuka. Jumamosi nyingine niliona ndara za binti yangu, ile ya kushoto niliyoishona mkanda kwa uzi mweupe. Zilisogea mpaka kwenye benchi.

"Koko," akasema polepole sana, "niko na damu. Tangu jana."

Koko alikohoa kidogo, akajibu kabla sijajua nitasema nini.

"Si ugonjwa, mukewenzangu. Usiogope. Sasa umekuwa mukubwa."

Mke mwenza: ndio utani wa bibi na mjukuu wake wa kike, na mama yangu alimwita hivyo tangu akiwa mgongoni. Binti yangu aliukamata mkono wa kitambaa na kuubana. Ndani yake vilikuwa vidole vyangu viwili. Kisha ndara zikaondoka.

Nilirudi nyumbani nikiwaka wivu. Jambo kubwa namna hiyo, na amelipeleka kwa sponji. Nikajiapiza kwamba sitasema kitu mpaka aje aniambie mimi, kwa mdomo wake, mimi niliyemzaa. Jumapili hakusema. Jumatatu niliona vipande vya kitambaa laini cha pamba vimepungua kwenye kikapu changu cha masalio. Nikakata vingine vizuri, nikaviweka juu, navyo vikachukuliwa. Alinitazama mara kwa mara kama mtu anayesubiri kitu, na mimi nikazidi kuinamia cherehani. Jumanne vilevile. Nilijiona nina haki.

Jumatano alirudi shuleni, akasimama mbele ya cherehani bado na sare yake.

"Mama, Koko hakufika kwako?"

"Kufika kufanya nini?" nilisema, na pini mdomoni.

"Nilimupatia neno akuletee. Minangoja kuku siku ine." Akaangalia chini. "Ao ulikataa?"

Hapo ndipo nilipozitoa zile pini, moja moja, nikaziweka mezani.

Kwetu msichana akifikiwa na siku hiyo hamwambii mama yake. Ni aibu. Anamwambia bibi yake, na bibi ndiye anayemfikishia mama. Mama hasemi kitu, anachinja kuku, anampikia binti, na kuku huyo ndio jibu: nimesikia, nimefurahi. Mimi nilimwambia bibi yangu hivyohivyo, na mama akanipikia jogoo mwekundu. Nilimsimulia binti yangu habari hiyo mara moja tu, zamani, nikipinda gauni la mtu, nikidhani hasikilizi. Bibi yake alikufa kabla siku yake haijafika. Mtoto akamtafuta bibi pale alipobaki, ndani ya kitenge kilekile na sauti ileile, akampa ujumbe wa kunifikishia, kwa heshima zote. Na mjumbe, yaani mimi mwenyewe, akaukalia kwa sababu ya wivu. Siku nne mwanangu alikuwa ananitazama akisoma usoni mwangu kwamba sikufurahi.

Nilitoka kwenda kwa jirani kununua kuku, nikachagua mwekundu. Jirani huyo, yule wa Mambasa, alinishikia mabawa na hakuuliza, kwa sababu mwanamke anayechinja kuku Jumatano ana binti.

Tulikula wawili. Nilimpa paja na ini, vile nilivyopewa. Akala vizuri, akachomoa firigisi, kipande cha heshima wanachowekewa wakubwa, kwenye sufuria, akaiweka kando ya sahani yake.

"Hii ni ya Koko," akasema.

Wivu ulinipanda tena, sitaficha, hata siku ile, hata na kuku wangu mwenyewe. Mfuko wa Koko ulikuwa unaning'inia kwenye msumari nyuma yake. Hakugeuka kuuangalia. Aliichukua ile firigisi kwa vidole, akanyoosha mkono, akaiweka kwenye sahani yangu.