Rasta wa Masasi

Nawasimulia mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, na haya sina. Ndiyo kwanza nimenunua gari la mtumba, nikawa nampeleka mama mkwe harusini Masasi, amepakata trei ya mayai. Shemeji, mdogo wa mume wangu, alinionya tukiondoka Newala, "Ukikaribia mjini kuna rasta barabarani. Punguza mwendo."

Mimi rasta ninayemjua ni mtu wa nywele za kusokota. Na kweli, karibu na mji nikamwona mmoja akiuza korosho kando ya lami. Nikasimama kabisa, nikamsalimu kwa heshima, "Habari yako, rasta?" Akaitikia huku akishangaa. Nikaona kazi imekwisha, nikakanyaga mafuta.

Gari likatetemeka drrrrr! Mayai yakapasukia mapajani mwa mama mkwe. Nikafunga breki, nikapiga kelele kwamba tairi limechomoka. Muuza korosho akaja mbio, akachungulia uvunguni, kisha akanionyesha vimatuta vyembamba tulivyovipita.

"Mama, rasta ni hizo. Mimi naitwa Hamisi."

Watu waliokusanyika wakacheka, mama mkwe naye akacheka, ute ukimchuruzika kwenye khanga. Nikawajibu palepale, "Mchekeni aliyeipa barabara jina la nywele za watu!"