Chuma Alichobana Dada

Mimi ni mwoga, na sifichi. Pangekuwa na mashindano ya woga mtaani kwetu, kombe lingekaa kwangu. Lakini habari hii ni ya dada yangu mkubwa, ambaye watu wote wanamwita Mkereza. Tangu baba yetu amwachie karakana, ni yeye anayesimama kwenye mashine ya kukerezea vyuma. Mashine hiyo hubana kipande cha chuma kwenye taya zake, hukizungusha kwa kasi ya kutisha, na kisu hukichonga mpaka kiwe shafti au chochote anachotaka mteja. Mimi nachomelea mageti na madirisha upande wa pili, mbali na ile kasi, na nilijichagulia mwenyewe upande huo.

Siku shafti ilipochomoka kwenye taya nilikuwa nimeinama napiga tupa. Nilisikia kishindo, nikainua kichwa, nikaona jua linaingia mahali ambapo ukuta wa bati haukuwa na tundu. Shafti ilikuwa imempita dada sikioni ikatokea nje. Dada akazima mashine, akacheka, akasema bati lenyewe lilikuwa limeshachoka. Kisha akakaa chini palepale juu ya vumbi la chuma, na hakuinuka mpaka nilipomletea maji.

Kesho yake aliifungua mashine yote. Magia akayapanga juu ya magunia, mota akaiweka kando, na ule mwili mkubwa ukabaki mtupu katikati ya chumba. Mnunuzi wa vyuma chakavu, tunayemwita Mizani, alinusa habari hata kabla mafuta hayajakauka sakafuni. Akaja akizunguka na kugusagusa, akishauri kwamba mota na magia viuzwe kama vipuri na kilichobaki kipigwe nyundo kikapimwe kwa kilo. Dada akamwambia arudi kwake, akihitajika ataitwa. Mizani akanikonyeza mimi, akijua mwoga ni nani.

Shauri lenyewe lilikuwa hivi. Kama chuma kinachoshika taya kilikuwa na ufa, basi mashine imekwisha, maana chuma kile cha kusubu, kilichomiminwa kwenye kalibu, ukikichomelea hukiamini tena. Tungeokoa vipuri, tungefunga karakana, na mageti yangu hayawezi kulisha nyumba mbili. Kama hakina ufa, tungeiunda upya na dada angerudi kusimama mbele yake. Nami nilikuwa na hakika kwamba shafti ya pili isingemkosa. Usingizi ulinipaa. Kila nilipokula nilikuwa nawaza kichwa cha dada. Nitasema ukweli, nilimwomba Mungu tukute ufa.

Kuna namna ya kuutafuta ambayo baba alitufundisha. Unapaka chuma mafuta ya taa, unayaacha yajipenyeze, unafuta mpaka pakauke kabisa, kisha unapaka chaki nyeupe juu yake. Penye ufa, mafuta yaliyojificha ndani hurudi taratibu na kuchora mstari mweusi kwenye chaki. Tukafanya hivyo, tukakaa kwenye makopo tukisubiri, mimi na dada, macho kwenye chuma utadhani tunaangalia mpira. Chaki ilibaki nyeupe. Dada akafuta, akarudia tangu mwanzo. Nyeupe vilevile.

Nilitegemea ashangilie hata kama mimi nina msiba. Badala yake uso ulimsawijika.

"Basi si mashine," akasema.

Nikamwuliza ana maana gani, akanikata kauli, akasema nimpe spana. Tukaanza kuiunda. Kazi ilikwenda vizuri isipokuwa spana zilikuwa zikimdondoka, naye akilaumu grisi. Nilimtania kwamba siku hizi anaibambikia grisi kesi zote. Hakucheka, na mimi kwa ujinga wangu nikaona amenuna tu.

Sasa lazima niseme jambo moja la karakana yetu, la sivyo hamtaelewa nilichofanya. Chuma alichokibana fundi, fundi mwingine hakigusi. Baba alikuwa mkali sana kwa hilo. Kugusa ni kumwambia mwenzako usoni kwamba hajui kazi, na nimewahi kuona watu wazima wawili wakinuniana mpaka mmoja akahama kwa sababu ya jambo hilo. Kwa hiyo miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kukagua mkono wa dada. Nani angethubutu?

Siku ya kuijaribu, dada aliingiza kipande cha chuma kwenye taya, akachomeka ufunguo wa kukazia, akauegemea kwa mwili wote mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Akahema, akasema kimekaza. Akanyoosha mkono kuuchomoa ufunguo.

Hapo roho ikanitoka. Lile tundu la bati lilikuwa linaniangalia. Sijui nilivukaje chumba, ila nilijikuta nimeshaushika ufunguo.

Dada akaniuliza nafanya nini. Alikuwa amekasirika kweli, sauti ya baba ilimtoka. Nikazungusha. Nilitegemea ugome. Ukaenda. Ukaenda bila ubishi wowote, ukazidi kwenda, ndipo ukakaza.

Tukatazamana. Dada akanisukuma kando, akaushika yeye, kwa mikono miwili, akavuta. Haukusogea hata kidogo. Nikaushika mimi, ukasogea tena. Akainua mkono wake wa kulia akauangalia, akajaribu kukunja ngumi, na vidole vikaishia njiani.

"Nilikuwa naomba tuone ufa," akasema.

Kumbe tulikuwa tunaomba kitu kimoja, kila mtu kwa hofu yake. Akasimulia haraka haraka, kama mtu anayetema kitu kichungu, jinsi vidole vinavyomfa ganzi, jinsi anavyoshindwa kufunga vifungo vya blauzi, na jinsi alivyojidanganya kuwa ni uchovu. Kisha akasema nimwite Mizani aje achukue vyote.

Hasira zikanipanda, mimi ambaye huwa napisha hata kuku. Nikamwambia Mizani haitwi. Yeye dada jicho analo, kisu anakijua, kilichompungukia ni nguvu ya kukaza, na nguvu hiyo ninayo mimi. Yeye atachonga, mimi nitabana. Akasema watu watamcheka, fundi gani anabaniwa chuma. Nikasema wacheke. Akafuta machozi kwa mgongo wa ule mkono mbovu, akanipisha kwenye ufunguo, nikabana.

"Umebana?" akauliza.

"Nimebana."

"Umebana mpaka mwisho?"

Ufunguo ulikuwa umeshatoka, uko mkononi mwangu. Nilikuwa nimebana. Nilikuwa na hakika, na ghafla sikuwa na hakika yoyote. Nikauchomeka tena, nikavuta mpaka nikaona nyota, nikauchomoa.

"Nimebana, dada."

Akashika swichi. Hakuiwasha. Akanionyesha kwa kidevu mahali pale mbele ya taya, ubavuni kwake.

"Njoo tusimame wote."

Nilitamani kukimbia, Mungu anajua. Nikaenda nikasimama, bega langu kwenye bega lake, na akawasha.