Kima wangu kawafungulia wenzake mlango

Jamani, nimesalitiwa na niliyemlea kwa chupa!

Kidoti, kima wangu, mimi mwenyewe nilimfundisha kufungua komeo la jikoni. Akifungua nacheka, nampa ndizi.

Leo niko barazani natiwa hina ya harusi ya dada, mara nasikia kishindo. Kukimbilia jikoni, Kidoti kawafungulia kima wa msituni! Wanakula visheti vya wageni, naye kakaa katikati yao.

Mikono ina hina mbichi, hata ufagio siwezi kushika. Nikamwita kwa jina.

Akanitolea meno. Mimi!

Mama akasema, "Si nilikwambia huyo ana kwao?"

Wenzake wameshakwenda zao, wamemwacha. Sasa yuko nje, komeo tumelifunga kwa ndani, anagonga mlango, analia vilevile alivyokuwa akililia chupa.

Hina imeshakauka.

Nyie mngemfungulia?