Kibomba cha Shaba kwenye Pikipiki ya Ramazani

Ninyi vijana wa Kolwezi mnaofungua pikipiki zenu asubuhi na kuzifunga jioni, mkitoa mpira huu na kutia ule ili mfike mbali zaidi, kaeni kidogo. Mimi shule niliiacha mapema, na hata ufunguo wa nati sijui kuushika vizuri. Lakini harufu ya esanse, haya mafuta ya pikipiki, naijua. Nakumbuka siku moja niliyoinusa njia nzima ya kwenda Nzilo, mtoto wangu wa kwanza akiwa mgongoni. Hadi leo, mtu akimwaga esanse kidogo uani, natazama kwanza moto uko wapi.

Ilikuwa enzi za Zaire, mkoa wetu ukiitwa Shaba. Mume wangu, Ramazani, aliuza samaki wakavu. Watu wake walitoka Kasongo, na ukoo mzima kazi yao ilikuwa kubeba bidhaa na kuziuza. Alikuwa na pikipiki ndefu ya njia za pori, yenye tangi kubwa na matairi ya meno, na alitaka kuipeleka mpaka Kisenge, kule ambako mchanga unameza gurudumu na fundi humpati. Mpira uliopitisha esanse kutoka kwenye tangi hadi kwenye mashine ulikuwa umepasukapasuka kama kisigino wakati wa kiangazi. Ilibidi ubadilishwe. Hapo hakukosea.

Alikosea alipotaka kitu kisichochakaa kabisa. Sisi wa huku tumezaliwa juu ya shaba, mwanangu, na tunaiamini kupita kiasi. Ramazani akaenda kwa mfua bangili mmoja, akakunjiwa kibomba chembamba cha shaba, akakifunga kwa nati za shaba huku na huku, akakaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Kisha akakisugua kwa ndimu na majivu. Majirani walikuja kukitazama kama wanavyokuja kumtazama mtoto mchanga.

"Hii itanizika mi," akawaambia.

"Usiseme vile," nikamwambia.

"Mama Sifa, weye unaogopa mpaka kivuli ya kuku!"

Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka, maana ungefanya nini mbele za watu?

Kabla ya Kisenge alitaka kuijaribu, ndipo tukashika njia ya Nzilo kumsalimia shangazi yake. Nilimfunga Sifa mgongoni kwa kitenge, na nyuma yetu palikuwa na bido, dumu la esanse ya akiba. Hatujaziacha sawasawa nyumba za mwisho, nikaisikia ile harufu. Nikamgusa bega.

"Tata Sifa, esanse inanuka."

"Kila siku inanuka! Ao unataka inuke manukato?"

Akacheka, akaendesha. Njia ilikuwa ya mawe, pikipiki ikitetemeka mpaka meno yanagongana. Kisha nikasikia baridi mguuni. Haikuwa baridi ya maji, kwani maji yakikulowesha yanakaa. Hii ilikuja ikaondoka, ikaja tena. Nikatazama chini, nikaona upindo wa kitenge changu umelowa, na karibu yake bomba la moshi, la moto kiasi kwamba hewa juu yake ilikuwa inacheza. Kando ya njia watu walikuwa wamechoma nyasi, kama wanavyochoma kila kiangazi, na mahali pengine vijiti vilikuwa bado vinawaka. Kila tulipopita karibu na miali ile nilivuta mguu juu na kuubana mwili wangu mgongoni kwa mume wangu, na Sifa alikuwa amelala, pumzi yake ninaisikia shingoni. Nilitaka kusema. Nikakumbuka kivuli cha kuku, nikameza mate.

Mbele palikuwa na kizuizi, mti uliolazwa juu ya mapipa, na soda mmoja, yaani askari, akilinda. Ninyi hamkuwajua basoda wa siku zile. Mtu hakuwatazama usoni, sembuse kuwapazia sauti. Huyu alikuja polepole, bunduki begani, sigara mdomoni, akaweka mkono juu ya tangi kana kwamba pikipiki ni ya baba yake.

"Karatasi."

Ramazani akaanza kutafuta mifukoni. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye ile nati inayong'aa. Tone likaanguka, na jingine nyuma yake. Soda akainama aone vizuri hicho kinachong'aa, na jivu la sigara yake lilikuwa limerefuka, limepinda. Nikawaza, nikipiga kelele atatufanya nini? Na nisipopiga? Sifa akageuza kichwa usingizini.

"Sigara!" nikalia. "Peleka sigara mbali, tata! Esanse! Esanse!"

Ramazani akaganda, mkono mfukoni. Soda akashika bunduki yake.

"Sitwayene," akasema, kwani ndivyo mwanamke raia alivyoitwa enzi zile, "ni mi unatuma?"

Nilionyesha chini kwa kidole. Udongo ulikuwa umelowa, umekuwa mweusi, na ule weusi ulikuwa umefika kwenye kiatu chake. Akautazama. Hakuitupa ile sigara, Mungu ambariki kwa hilo. Aliifumba kiganjani na moto wake, akarudi kinyumenyume, hatua moja, hatua nyingine, mpaka nyuma ya mapipa. Huko ndiko alikoanza kumtukana Ramazani, na hakuacha mtu wa ukoo wake.

Nilishuka, nikakaa mchangani. Pale kizuizini palikuwa na mama mzee aliyekuwa anauza mihogo ya kuchoma. Alikwisha kufukia makala yake, ule mkaa wa moto, kwa mchanga mara aliposikia kilio changu. Akaja, akamfungua Sifa mgongoni mwangu bila kuniuliza, akanusa kitenge.

"Harufu hii ulianza kuisikia wapi?"

"Tangu mu muji, mama."

"Na ulisema?"

"Nilisema mara moja. Bwana akacheka."

"Akacheka, na weye ukafunga kinywa." Akanitazama. "Mutoto ilikuwa ku mugongo ya nani? Ya bwana, ao ya weye?"

Alinirudishia mtoto, akaenda kufukua makala yake.

Ramazani alikuwa amefunga robine, ile koki ya tangi, akakuta ufa mwembamba kama unywele, pale kibomba kinapoingia kwenye nati. Tangi linatetemeka kwake, mashine inatetemeka kwake, na shaba iliyobanwa katikati haina pa kwenda, inachoka, inakatika. Tuliisukuma pikipiki mpaka mjini.

Baadaye alitia mpira mpya, mnene, wa esanse hasa, akauacha ulegee kidogo, akaupitisha mbali na bomba la moshi na kuufunga kwa vibano pande zote mbili. Hakuniomba samahani, hakuwa mtu wa maneno hayo. Lakini kabla ya kila safari aliniita, "Mama Sifa, kuya unuse." Nami nilipitisha kidole kwenye kila kiungo, nikanusa, nikasema ndiyo au hapana. Kisenge alikwenda, akarudi, mara nyingi.

Basi sikia, mwanangu. Kitu cha kupitishia esanse usikichague kwa kung'aa kwake, wala kwa sifa za majirani. Kichague kwa mtikisiko na kwa joto, ukikague kabla hujawasha. Na ukipanda nyuma ya mtu ukaogopa, sema. Akicheka, sema tena, kwa sauti. Mungu awafungulie njia, awarudishe nyumbani na ngozi zenu zote, na watoto wenu wasinuke kitu ila sabuni na maziwa.

Kwa wanaolala chini ya bati langu nilitoa amri jioni ile ile, na haijabadilika: yeyote aliyepanda, hata mtoto, hata mgeni, akisema "simama, inanuka", anayeendesha anasimama. Anazima, anashuka, anafunga robine. Akitaka kucheka, acheke akiwa amesimama chini.